Mustari wa Ine

Siku ya kwanza, 8 septemba

Bidon kumi na mbili za kuvomea maji leo asubuhi ku ziwa. Kumi zilikuwa na ute wa kijani ndani, mutu angeweza kupanda sombe mule. Ya kumi na moja ilikuwa ya mazuti, mafuta ya gari. Nikamuuliza mwenyewe kama anajua. Anajua. Anasema harufu inaisha ukichemsha. 

Miaka tatu nabeba hii apareyi ya kupima kloro na bado watu wananishangaza kwa uchafu. Kloro yenyewe sisikii tena harufu yake, pua yangu ilishachoka nayo. Lakini samaki iliyooza na mazuti, ile naisikia vizuri sana. Sijui Mungu alipanga namna gani.

Na leo Papa Niyibizi. Muzee muzuri, sikatai. Tangu tulifungua ile nafasi ya kloro ku ziwa, yeye njo anatia kloro mu bidon za watu. Mutu anatoka kuvoma, anasimama mbele yake, muzee anavuta dawa mu sirenge, bomba ya sindano, anatia, mutu anapita. Kila mara napima, apareyi yangu inasoma 0,5, vile inatakiwa. Lakini ile sirenge yake – nyeusi, imepasuka ku mudomo, imefungwa na uzi. Na anaiweka mu mufuko wa koti pamoja na muhogo wa kuchoma. Nimeona na macho yangu: ametoa muhogo, akauma, akarudisha, akatoa sirenge, akatia mu maji ya mutu.

Nikamunyang'anya. Nikaenda kuitupa mu shimo la choo.

Famasi zote hazina sirenge. Nikapanda moto, pikipiki ya kukodi, mpaka duka la dawa za mifugo, nikapata moja kubwa, safi, ingali mu plastiki yake, zile wafugaji wa Masisi wanachomea ng'ombe. Muzee akaigeuza-geuza. Anauliza, mama, hii si kubwa? Nikamujibu mustari ni mustari. Zamani ulikuwa unavuta mpaka wapi? Akasema mustari wa ine. Basi vuta mpaka mustari wa ine, na muhogo ukae mufuko ingine. Akasema ndiyo mama.

Nimefika nyumbani Ndosho, nimenawa mikono mara tatu. Bado nauona ule muhogo.

Siku ya tatu, 10 septemba

0,05.

Nimerudia mara ine. Nimepangusa kichupa na kitambaa safi, nimebadilisha kidonge cha kupimia. 0,05.

Ilikuwa Murara, kwa Mama Nabintu. Kila siku ya tatu ya juma nafuata maji mu manyumba, nusu saa baada ya bidon kutoka ziwa, juu kloro inahitaji muda wa kufanya kazi. Kidonge kiligusa maji, ikatoka rangi ya roze kidogo – mara moja ikapotea. Maji ikabaki meupe. Roze hakuna, kloro hakuna: njo vile walitufundisha.

Mama Nabintu akaanza yake. Hii maji inanuka, inachoma koo, mutoto anaitema. Anasema tangu juzi wanaimwaga mu kiwanja. Nikaangalia apareyi, nikamuangalia yeye, na mutoto wake Deborah amesimama mulangoni na kamasi mpaka kidevuni. Nikamuambia: mama, mu maji yako hamna hata kitu, kinachonuka ni bidon yako. Akamuvuta mutoto ndani. Watu wako na uvivu wa kusugua bidon, halafu wanasema kloro.

Nyumba tatu zingine: 0,02. 0,05. 0,00. Na kote wimbo ni ule ule, inanuka, inachoma. Walipanga pamoja, ao nini?

Siku ya ine, 11 septemba

Leo nimejua.

Shefu Rodrigue aliniita mu biro. Alikuwa anakula mbuzi ya kuchoma na mikono, na mafuta ile ile anageuza fishi zangu za vipimo. Kila karatasi ina alama ya kidole chake. Anasema: dumu ya kloro ya Niyibizi ilikuwa inamaliza wiki. Siku hizi haifiki jioni. Kila siku anaomba ingine. Na wewe mu maji hauoni kitu. Sasa inaenda wapi?

Jibu lilikuwa wazi. Anaiuzisha. Wenye kufua nguo wanaitafuta sana ile dawa.

Nikashuka ku ziwa. Nikamuuliza muzee mbele ya watu. Ndiyo, mbele ya watu, nilikuwa na hasira. Akaapa kwa watoto wake kwamba anaitia yote mu maji. Anasema anavuta mustari wa ine vile nilimuambia, na dumu inaisha haraka tangu sirenge mupya, hata yeye haelewi. Nikamuambia asinisingizie sirenge. Sirenge safi itaharibu maji namna gani?

Macho yake yalijaa maji. Hiyo njo ilinichukiza zaidi. Mwizi ambaye analia.

Nimeandika rapoti. Ukurasa moja na nusu, nimeweka na sinyatire yangu chini.

Siku ya tano, 12 septemba

Wamemufukuza. Alirudisha koti ya kazi, akaikunja vizuri, akaiweka juu ya dumu. Watu wa mustari wa kuvoma wakamuzomea, mwizi wa kloro, mwizi wa kloro. Mutu mumoja alimutupia ganda la ndizi.

Nafasi yake wamemupa Samy, muloko, ndugu mudogo wa Rodrigue. Ile saa ya kwanza tu amenimwagia bidon nusu, yenye ametoka kutia kloro, juu ya jipu yangu nyeusi, sketi ile ya matanga, na nilikuwa naenda matanga. Nimeshinda mule matanga na nguo imelowa, nanuka ziwa.

Apareyi: 0,00. Samy pia? Siku moja na tayari anaiba?

Siku ya posho, 13 septemba

Jipu imekauka na madoa. Makubwa, rangi ya kutu, kutoka kiuno mpaka chini. Nilimutukana Samy peke yangu hapa nyumbani, nikamutukana na mama yake. Nilitia sabuni, nikasugua. Doa haitoki, ni rangi ya nguo njo imeenda.

Halafu nikakaa chini, juu ya sakafu, na jipu mu mikono.

Maji yenye haina kloro imekula rangi ya jipu yangu namna gani?

Nikatafuta kale kakitabu ka apareyi, kako chini ya kitanda na mavumbi. Nilikuwa nasoma kurasa mbili za mbele tu, miaka tatu. Ku ukurasa wa nyuma kabisa wameandika: kama kloro ni nyingi kupita kiasi, inaua rangi ya kidonge. Roze inakuja, inapotea, na apareyi inasoma karibu zero. Pima tena: sehemu moja ya maji yako, sehemu tisa ya maji isiyo na kloro, kisha zidisha kumi.

Nikapanda moto. Ku ziwa nikachukua maji mu bidon ya mwanamuke wa kwanza nilimukuta. Sehemu moja. Nikaongeza tisa ya maji ya chupa. Roze ikatoka, ikabaki. 1,8.

Mara kumi. Kumi na nane. Tunatafuta 0,5, na watu niko nawanywesha kumi na nane.

Nikamunyang'anya Samy ile sirenge na, kwa mara ya kwanza, nikasoma namba zake. Mustari wa kwanza, 10. Wa pili, 20. Wa tatu, 30. Wa ine, 40. Ile ndogo nyeusi ya muzee, mustari wa ine ilikuwa 4. Alikuwa anatia mara kumi, vile nilimuamuru, kila bidon. Njo maana dumu ilikuwa inaisha. Yote ilikuwa inaenda mu maji, vile alisema.

Na wale walikuwa wananiambia inanuka! Wote. Nyumba kwa nyumba. Mi naangalia kakioo ka apareyi.

Najichukia. Naandika tena: najichukia. Muhogo wa yule muzee ulikuwa safi kuliko mimi.

Siku ya Mungu, 14 septemba

Nilimupigia Rodrigue simu kabla ya misa. Nikamueleza yote, sirenge, mistari, kumi na nane. Nikasikia anatafuna. Halafu anasema, polepole kabisa, kama mutu anamutuliza mugonjwa: mama, rapoti ilishaenda juu. Ina sinyatire yako. Tafuta sirenge ndogo, umupe Samy kimya kimya, kesho maji itakuwa muzuri na watu watasema ni juu mwizi ametoka. Ukifungua mudomo, wewe njo wa kwanza kutoka. Halafu akaniambia Mungu akubariki.

Sirenge ndogo nimepata. Hiyo nimefanya. Samy alianza nayo saa ine asubuhi, nikapima mwenyewe, 0,5.

Kutoka pale nikapita Murara. Mulango wa Mama Nabintu umefungwa. Jirani anasema Deborah alianza kuhara jana jioni, maji tupu, wamemupeleka ku senta ya kolera, wamemutia serumu mu mikono yote miwili. Anasema walikuwa wanatuma watoto kuvoma mbali, kule hakuna mutu wa kloro, juu ya kloro ilikuwa inawachoma. Nikauliza na wengine? Anasema mu hii avenue tu, watatu.

Nikaenda kwa Niyibizi. Nilitoka nyumbani nimeshapanga maneno, nayarudia juu ya moto mpaka mutu wa moto akaniuliza kama naomba Mungu.

Bibi yake, Mama Umuhire, alinipa kiti kimoja tu chenye mugongo. Hakuniangalia. Muzee yeye alifurahi – alifurahi! – akasema karibu mama, umetukumbuka. Wakaleta maharagi na bugali. Nikakula. Sijui nilikula namna gani.

Na yeye njo alianza. Anasema, mama, nimefikiri sana. Apareyi haina sababu ya kunichukia. Basi kuna kosa nilifanya, pengine uzee, pengine nilikuwa nasahau kusukuma dawa yote. Anasema aliamusha watoto wake wote watano, akawauliza moja moja kama kuna mwenye aliiba mu dumu, na mukubwa wao alipiga magoti akalia. Ku kanisa walimuondoa ku kazi ya kukusanya sadaka, wakisema ni kwa muda. Mama Umuhire akatoka inje.

Mudomo ulifunguka. Nikasema: maharagi ni matamu.

Nikaaga. 

Siku ya kwanza, 15 septemba

Ku ziwa, saa tatu asubuhi. Naandikia hapa, nimekaa juu ya jiwe, hiki kitabu changu juu ya fishi ili wafikiri nafanya kazi.

Rodrigue ameitisha watu. Amevaa shemise nyeupe, ameleta megafone. Anawaambia: onjeni, maji imerudi muzuri, haichomi tena. Wanaonja. Ni kweli, haichomi. Wanapiga makofi. Bibi mumoja anasema, tuliwaambia, ni yule muzee alikuwa anatutilia sumu.

Jana usiku nilimuambia Mungu kwamba leo nitasema mbele ya wote. Nilimuambia mara mbili.

Lakini Niyibizi yuko. Sikujua. Amekuja na shati iliyopigwa pasi, na Mama Umuhire nyuma yake. Samy anapita hapa karibu, namuuliza yeye: muzee amekuja kufanya nini? Anasema Rodrigue alimuita: aombe musamaha mbele ya watu, na watamuonea huruma, watamupa kazi ya kufagia hapa.

Rodrigue amemupa megafone. Muzee hajui kuishika, anaishika mbali sana na mudomo. Kuna wenye wanacheka.

Ameanza.

Anasema habari zenu wababa na wamama. Anasema jina lake, kama kuna mutu hapa hamujui. Anasema yeye hakumbuki kuiba, anawaambia mbele ya Mungu hakumbuki, lakini mama mwenye kupima aliona mu apareyi, na yule mama hajawahi kumudanganya mutu. Kwa hiyo anakubali.

Watu wote wamenigeukia. Mama Umuhire pia. Kwa mara ya kwanza tangu jana ananiangalia ndani ya macho, na naona yeye anajua. Sijui amejua namna gani. Anangoja.

Muzee anasema watoto wenye kuugua Murara, anaomba musamaha kwa wazazi wao, moja moja. Ameuliza majina yao, ameyashika kichwani. Anaanza na Deborah.

Nasimama. Sijasimama. Niko naandika tu kwamba nasimama.

Amefika ku jina la tatu.