Kidole Kilichokiri

Cheptais, Bungoma
4 Machi 2024

Mwanangu Viola,

Mulembe. U mzima huko Kibomet? Mimi nashukuru Mungu, ila simu yangu baba yako mdogo Mukhisa aliibeba siku ya mazishi ati inatengenezwa, hajairudisha. Ndiyo maana nampa jirani yetu Linet barua hii akija kuuza vitunguu Kitale.

Tangu tumzike baba yako, Mukhisa hakukanyaga hapa. Jana amekuja na karatasi ya Kizungu, anataka nitie kidole cha wino, si sahihi, Ijumaa. Nikamuuliza inasema nini. Akasema, “Shemeji, si uliandikiwa *admit* hospitali ukizaa Viola? Ni neno hilo hilo. Ukoo unakupokea, shamba libaki lako.”

Mbona basi ananikataza kumwonyesha mtu? Nimenakili mistari yake miwili nyuma ya barua hii. Nisomee.

Mama yako,
Rahab

Kibomet, Kitale
7 Machi

Mama mpendwa,

Salamu nyingi. Mimi mzima.

Usitie kidole! Hospitalini neno hilo ni kulazwa, shuleni ni kupokelewa. Lakini hapa limeandikwa “I admit that”, na anayeandika hivyo anakiri kosa. Unakiri ulimwekea baba sumu, na kwamba unaacha shamba kwa hiari yako. Watu wakiamini hilo, mama, hawatangoja polisi.

Nimeomba ruhusa kazini, wamekataa.

Binti yako,
Viola

Cheptais
9 Machi

Mwanangu,

Afya iko, usingizi hakuna. Barua yako imenikuta wino ungali kidoleni. Mukhisa alikuja mapema, Alhamisi, na wanaume wawili wakasimama mlangoni. Akarudia ati neno hilo ni kupokelewa; niliogopa, nikatia kidole.

Leo sokoni nimesalimia watu, hakuna aliyeitika. Ati Jumapili ya tarehe kumi na saba Mukhisa atasoma karatasi kanisani. Nikimbie?

Mama yako

Kibomet
12 Machi

Mama,

Pole sana. Ukikimbia, watasema ni kweli. Simama mbele ya watu, uwaambie wamuulize alikuelezaje neno lile. Nakuombea kila saa.

Viola wako

Cheptais
17 Machi

Mwanangu Viola,

Niko hai.

Baada ya ibada Mukhisa alisimama akasema nimekiri. Kanisa lote likanigeukia. Nikasema, “Mchungaji, muulize aliniambia neno hilo ni nini.”

“Alijua vizuri!” Mukhisa akapaza sauti.

Ndipo Khisa, mmoja wa wale waliosimama mlangoni, akainuka. Hakunitazama. “Alimwambia ni kupokelewa,” akasema. “Nilikuwepo.”

Mchungaji akaichana karatasi palepale. Akina mama wakanikumbatia, nikalia kama mtoto. Mukhisa alitabasamu tu, akaenda zake.

Nimefika nyumbani, nimeketi, ndipo nikakumbuka. Siku ile nilitia kidole mara mbili, Viola. Karatasi zilikuwa mbili, na ya pili bado anayo Mukhisa.

Kesho asubuhi Linet atakuletea hii, na mimi nitakuwa nyuma yake. Usimwambie mtu nakuja.

Mama yako,
Rahab