Kiingereza cha Sahani Tupu

KITUO CHA ASKARI, RUMONGE
Shauri la Radjabu bin Hassani, anayeshtakiwa kuwa mpelelezi wa Waingereza
Maelezo ya shahidi

Jina: Batuli binti Maneno. Umri: kama miaka arobaini na tano, mwenyewe hajui hasa. Kabila: Mmanyema. Dini: Mwislamu. Kazi: kuuza mafuta ya mawese na ndagala (dagaa). Makazi: Rumonge, karibu na ufuko zinaposimama meli. Ameapishwa na kusema mbele ya Karani Swedi, leo Jumatatu, tarehe 17 Agosti 1914.

Mimi ni mama yake Zuwena, mke wa Radjabu. Nasema hilo kwanza, asije mtu akasema nimeficha. Nasema pia kwamba huyo Radjabu sikumtaka. Zuwena alikuwa amechumbiwa na mfanyabiashara wa chumvi wa Uvira, mtu mwenye nyumba yake, lakini Zuwena akamtaka huyu aliyerudi kutoka kusini ya ziwa na sanduku moja na maneno mengi. Haya, ndoa ikafungwa. Karani, andika hivyo hivyo, usinipambie.

Huko kusini Radjabu alikuwa boi wa meza kwa Mwingereza mmoja, miaka mitatu. Alirudi na nia ya kufungua mkahawa hapa ufukoni, kwa sababu meli zikisimama kupakia kuni Wazungu hushuka kutafuta chakula, na wengine ni Waingereza wasiojua Kiswahili. Wanaonyesha kwa kidole, wanakasirika, wanarudi melini na njaa yao. Basi akaanza kuwafundisha Zuwena na rafiki yake Asmani, mvuvi wa mukeke, namna ya kupokea maagizo ya chakula kwa Kiingereza. Walisoma adhuhuri, Asmani akisha kutoka ziwani. Wakati huo vita bado. Mwezi wa Ramadhani uliandama sisi hatuna habari yoyote.

Kati ya nyumba yao na yangu kuna ua wa matete. Kwetu mamamkwe haingii kwa mkwewe wala haonani naye uso kwa uso, na kumwona akila ndiyo usiseme. Siku ya pili ya mfungo, saa sita adhuhuri, nikasikia mlango unafungwa, sahani zinagongana, na sauti ya Radjabu inasema, "Lete samaki. Lete wali. Lete mayai mawili." Mchana! Ramadhani! Nikasema, Mungu wangu, mtoto wangu ameolewa na mla mchana.

Kuingia siwezi. Nikachukua kigoda, nikakaa nyuma ya ua, nikatega sikio. Nilitaka nimsikie akitafuna, hata mara moja tu, niende kwa shehe nimrudishe binti yangu nyumbani. Hakutafuna. Kesho yake nikakaa tena, na keshokutwa, na siku zote zilizofuata. Ndagala zangu zilikauka juani mpaka zikawa vumbi kwa sababu yake.

Kazi yao ilikuwa hivi. Mmoja anakaa mkekani anajifanya Mzungu, mwingine anasimama na sahani tupu. Aliyekaa anaagiza kwa Kiingereza, Radjabu anataja maana kwa Kiswahili, wote wanarudia mpaka ulimi ukubali. Radjabu alikuwa mkali. Asmani akikosea anamwambia, "Wewe! Mugeni anaomba mayai, unamupelekea chumvi! Atakula chumvi?" Zuwena anacheka, na mimi nyuma ya ua najiziba mdomo. Mlango walifunga kwa aibu. Nilimsikia mwenyewe akisema, "Fungeni mulango, watu watazani tunakula." Na kweli, mtu akipita akaona sahani zimetandazwa mchana wa mfungo atasema nini? Atasema nilichosema mimi.

Habari ya vita vya Wajerumani wetu na Waingereza ilifika Ijumaa, tarehe 14 Agosti, baada ya sala. Sisi wanawake tulidhani ni ugomvi wa Wazungu wao kwa wao. Hakuna aliyefikiri kwamba samaki na mayai yamekuwa maneno ya adui.

Jumamosi, tarehe 15, mchana, Ombasha, mkubwa wa askari wa hapa, alipita nyuma ya nyumba yangu na askari wawili. Akanikuta nimebandika sikio kwenye matete. Akasema, "Amahoro, mama. Unasikiliza nini?" Nikamjibu, "Namusikiliza mukwe wangu, kama anakula muchana." Ningesema nachuma mboga tusingefika hapa. Ombasha akacheka, akainama naye asikilize. Kicheko kikamwishia kinywani. Aliwahi kukaa Dar es Salaam, Kiingereza anakijua kwa mlio wake. Akaniuliza polepole, "Hiki si Kiingereza?" Nikasema, "Mimi nitajuaje? Waulize wenyewe."

Wakauvunja mlango. Asmani aliruka ua, akapita karibu anikanyage, akipiga kelele, "Wallahi sikula! Sikula hata punje!" akakimbilia mtumbwi wake. Nasikia yuko upande wa Kongo mpaka leo, na kukimbia kwake kumeharibu kila kitu. Naye Radjabu, Ombasha anamuuliza, "Nani amekutuma?" Yeye anajibu, "Hatukula, afande, angalia sahani, iko kavu." Ombasha anasema, "Habari unampelekea nani?" Yeye anasema, "Nusa mikono yangu!" Mmoja anauliza vita, mwingine anajibu saumu. Ningecheka, kama nisingesikia mnyororo ukimfungwa shingoni.

Zuwena alibaki amesimama uani na sahani mkononi. Nilimwita mara nyingi ndipo akaiweka chini. Jioni askari mmoja akatuambia kwamba Bwana Luteni, Mjerumani, anakuja kwa mashua kutoka Usumbura, na kwamba mpelelezi hana maneno mengi, ni kamba tu. Mimi niliyekuwa namtafutia talaka mwezi mzima, niliwekewa futari mbele yangu nikashindwa kumeza. Mdomo wangu ndio uliomleta Ombasha. Binti yangu atakuwa mjane kwa mdomo wangu. Niliogopa, karani, sijapata kuogopa hivyo tangu nizaliwe.

Leo asubuhi nimekuja mwenyewe, sikuitwa. Nilimwambia Bwana Luteni, karani huyu akitafsiri: "Muke wake mutasema anamutetea bwana yake. Mimi simupendi, mutaa wote unajua. Nilikaa nyuma ya ua tangu siku ya pili ya mufungo, na hakuna neno walisema ndani sikulisikia. Niulize mimi."

Bwana akaniambia niseme. Nikaanzia pale Radjabu anapoanzia. "Gudi moningi, sa," hapo unamwamkia mgeni. Fishi, samaki. Egi, yai. Raisi, wali. Solti, chumvi. Hoti wota, maji ya moto. "Finishi, sa, veri sori," hapo chakula kimekwisha na unaomba radhi, na Radjabu husema uiname kidogo. Nikainama.

Bwana Luteni Kiingereza anakijua. Alikaa vizuri kitini, akaniagiza chakula kwa lugha hiyo, samaki na wali bila pilipili. Nikamjibu, "Yesi, sa. Fishi, raisi, no pilipili." Akauliza mbona pilipili nimesema kwa Kiswahili. Nikamwambia ndivyo tulivyofundishwa, labda yule Mwingereza wa Radjabu alikuwa haili. Kisha akanitupia maneno mengine ya Kiingereza, moja baada ya jingine, akinikazia macho. Sikulijua hata moja. Karani alinieleza baadaye kuwa ni meli, mzinga, askari na barua. Nikasema, "Bwana, hayo hayakupita uani kwangu."

Akaamuru Radjabu aletwe. Nikageukia ukuta, nikajifunika kanga, maana mkwe ni mkwe hata akiwa mnyororoni. Bwana akamwambia ayaseme masomo yake yote tangu mwanzo. Akamwamkia mgeni, akaleta samaki, akaleta mayai, akaenda hivyo mpaka mwisho, sawasawa na mimi, isipokuwa mimi nilisahau kijiko. Kila alipotaja chakula nami nilikitaja moyoni, nikiomba asiongeze neno.

Hakuongeza. Bwana Luteni akacheka. Alicheka mpaka na Ombasha akajilazimisha kucheka. Akasema kwa Kiswahili chake, "Huyu si mpelelezi, huyu boi." Amesema mnyororo ufunguliwe mara nitakapotia dole kwenye maelezo haya. Kiingereza ni marufuku mpaka vita viishe. Mkahawa anaruhusiwa.

Alhamdulillahi. Nikakaa sakafuni bila kuambiwa, na mpaka sasa nasema nimekaa hapo hapo. Tangu Jumamosi ndiyo kwanza napumua. Na kuhusu saumu yake, nasema mbele ya Mungu na mbele ya serikali: hakutafuna.

Hayo ndiyo niliyoyasikia kwa masikio yangu. Sikufundishwa na mtu.

Dole gumba la shahidi, Batuli binti Maneno.

Maandishi ya karani: Nilitaka kumsomea shahidi maelezo haya kabla ya kutia dole, kama ilivyo kawaida. Alikataa, akasema dole kwanza. Nikampelekea Ombasha amri, kisha nikaanza kumsomea. Hakusikiliza hata mstari mmoja. Sikio lake lilikuwa chumba cha pili, alikofungwa Radjabu. Mnyororo ulipoanguka sakafuni alisema, "Mwanangu," akaondoka kabla sijamaliza kusoma.

Swedi bin Kassimu, karani.