Nukta na Mkato Kwenye Skrini Yenye Ukungu

Jumamosi, Ifakara. Mvua ya asubuhi imekatika. Joto la bondeni limebaki ndani ya nyumba.

Swali ninalohangaika nalo tangu Kwaresima ni hili: maandishi yanapofifia kwenye skrini, mgonjwa ni nani, kompyuta au macho yangu?

Ninapiga chapa kitabu cha nyimbo cha kwaya yetu ya parokia. Nota zetu ni za herufi, na kati yake hukaa alama ndogo: nukta hugawa pigo nusu, mkato hugawa robo. Kwangu alama hizo mbili zilikuwa doa moja la kijivu. Jumatatu kitabu kinakwenda kiwandani, na kikishachapwa, kosa langu litaimbwa miaka mingi.

Alhamisi tulijaribu kurasa za mwanzo mazoezini. Tenori wakaingia kabla ya wenzao.

"Nani kawafungulia mlango?" akauliza Mwalimu Kastuli, kiongozi wetu.

"Wamewahi ubwabwa hao," akasema mama mmoja wa alto.

"Mwalimu, tumeimba kilichoandikwa," akajitetea tenori mmoja.

Mwalimu akainua karatasi, akanigeukia. "Dada Felista, hapa ulikusudia nukta au mkato?"

Nikaizungushia alama hiyo duara kwa kalamu.

Jana nilichunguza kwa utaratibu. Nilipiga picha ya skrini nikaituma kwenye simu. Ukungu ulikuwa uleule. Basi si kioo wala waya. Nikaona pia kwamba menyu za Linux, mfumo unaoendesha kompyuta yangu, zilikuwa safi; basi, kwa faraja kubwa, si macho. Programu ya nota pekee ndiyo iliyofifia. Nilikuwa nimekuza mwonekano hadi asilimia mia na ishirini na tano, na nadhani programu hiyo kongwe ilichorwa ndogo kisha ikavutwa, kama picha ya pasipoti inayokuzwa ili itundikwe ukutani.

Nikarudisha asilimia mia, nikaongeza ukubwa wa herufi peke yake. Hapo nilipaswa kuifungua upya programu na kutazama. Badala yake nikasasisha na draiva, yaani programu inayoiendesha kadi ya picha. Ilipomaliza tu, umeme ukakatika. Uliporudi, kompyuta ikawaka upya.

Nukta ni nukta. Mkato una mkia.

Leo nimepitia kurasa zote nikiinong'ona sauti ya tenori, nikirekebisha. Kitabu kiko tayari, na moyo wangu umetulia.

Hata hivyo siwezi kudai kwamba nimelielewa tatizo. Chuoni tulifundishwa kubadili kitu kimoja kwa wakati mmoja. Mimi nilibadili viwili, na umeme ukaongeza cha tatu. Naegemea upande wa ukuzaji, lakini kuegemea si kujua. Ili nijue, itanilazimu niurudishe ukungu kwa mikono yangu mwenyewe. Kabla ya Jumatatu sithubutu. Baada ya Jumatatu nitakuwa na nafasi, na nashuku kwamba bado sitathubutu.