Gauni lenye mushono mwekundu

Feza, mujukuu wangu, bibi yangu mudogo,

Huku Kalemie tuko wazima, ila mbuzi amekula kaptura yangu. Nimeona picha ya gauni la marehemu nyanya yako. Unauliza kama lilitoka Ulaya, na kama fundi afiche ule mushono mwekundu wa mugongoni, ulivae siku ya ndoa yako.

Ulaya gani, mama? Nililishona mimi, kwa mikono. Mwaka siujui, shule iliniacha mapema. Ni Pasaka yetu ya kwanza ndani ya ndoa, baba yako hajazaliwa.

Vifungo nilikosa, basi nikamufunga nyanya yako gauni mugongoni kwa uzi wa wavu, fundo letu la wavuvi. Nilisahau kwamba fundo lile ukilivuta njo linazidi kukaza. Jioni gauni likakataa kutoka. Shangazi yake akaja na kisu cha samaki: "Bwana, umeoa muntu ao umevua sangala?" Nilijificha jikoni. Mpaka leo masikio yananiwaka.

Nyanya yako akashona pale palipokatwa kwa uzi mwekundu, uzi aliokuwa nao. Watu wakimuuliza, alijibu: "Nilikula sana." Hakunitaja hata siku moja.

Fundi aweke vifungo. Mushono ule asiuguse.

Bwana yako muzee wa Kalemie