Kambambili ku Meno ya Serre-joint

Kavira, mujukuu wangu,

Nakusalimia toka Butembo. Sisi tungali bazima, Mungu asifiwe. Dada yako Masika alizaa mutoto muvulana. Shangazi yako alikimbia tena vita ya Oicha, anakaa na sisi.

Uliniuliza kwa telefone juu ya nini serre-joint zangu, vile vyuma vya kukaza mbao zikishapakwa kole, ile gundi, ziko na vipande vya kambambili ku meno.

Nilikuwa kijana, natumika kazi ya seremala na baba yangu kule Kalunguta. Mama mumoja jirani alifiwa na mutoto. Tukatengeneza sanduku ya kumuzika, tukaikaza na serre-joint. Mama akakuja, akapitisha mukono ku mufuniko polepole, sawa vile mutu anapakaa mutoto mafuta. Ku ukingo vidole vikasimama, pale meno ya chuma yaliacha alama.

“Nini ilimuluma hapa?”

Mama alipoenda, baba akavua kambambili yake ya pneu, mupira wa gari, akaikatakata kwa kisu, akabandika vipande ku meno yote. Akarudi nyumbani muguu mumoja wazi.

Sasa, Kavira, sanduku ni nyingi, tunatengeneza mbio mbio. Vijana benye banatumika na mimi ku atelier banasema: “Koko, hii kauchu ya kambambili inatukawisha. Nani ataangalia alama?”

Banasema kweli. Ile ya juzi ilikuwa ya mutoto, na mama yake mwenyewe alikuwa ndani ya sanduku ya pili.

Basi nilipitisha mukono ku mufuniko mimi.

Ni mimi koko yako, Paluku