Tundu la Kutolea Sauti

Dada yangu mpendwa,

Salamu nyingi zikufikie hapo ulipo, wewe na shemeji na wapwa zangu. Natumaini mgongo umeacha kukusumbua na kwamba wodini wamekupunguzia zamu. Sisi huku hatujambo. Mama anakula vizuri, anatembea mpaka getini na kurudi bila kushika ukuta, na daktari wa moyo amemwambia arudi baada ya miezi mitatu. Ulimi wake nao umepona kabisa. Juzi alimrudishia fundi cherehani gauni kwa mara ya tatu kwa sababu ya pindo, hadi fundi akasema afadhali alipokuwa mgonjwa.

Utajiuliza kwa nini nakuandikia kwenye karatasi wakati simu ipo. Kwenye simu ungenikatiza, nami ningepata upenyo wa kubadilisha habari, maana mimi unanijua. Nakuomba usome mpaka mwisho kabla ya kunipigia.

Unakumbuka tulivyokubaliana. Ulipomzika Kasuku, kitinda mimba wetu, huko alikokuwa akifanya kazi kwenye ghala la baridi, mama alikuwa na wiki mbili tu tangu apasuliwe moyo. Ukasema tusimwambie mpaka upate likizo, uje umwambie wewe mwenyewe. Basi nikamwambia mama kwamba Kasuku amehamishiwa ghala la mbali ambako mtandao ni wa shida, na kwamba atakuwa anatuma ujumbe wa sauti kila Jumamosi. Siku hiyo hiyo uliniuliza mara mbili kama aliwahi kulalamika kwamba anaumwa. Nikakujibu hapana, mara zote mbili.

Kazi yangu ya studio unaijua. Tunarekodi zile sauti za kwenye lifti na za simu za maofisi, na mimi ndiye ninayezisafisha: nakata makosa, vikohozi na pumzi, mpaka msemaji asikike kama hajawahi kuchoka maishani. Na Kasuku hakuitwa Kasuku bure. Nilikuwa na mamia ya sauti zake za zamani. Nikakata hapa, nikaunga pale, nikapata salamu mpya kila wiki. Baada ya kila swali niliacha kimya cha sekunde nne ili mama apate kujibu.

Shida ilikuwa masikio ya mama. Spika za kompyuta yangu hazimfikii hata akiinama juu yake. Nikaikumbuka deki ya baba, ile ya kuchezea diski, na spika zake tano ambazo hakuna aliyethubutu kuzigusa tangu afariki. Nikachukua waya wa HDMI, upande mmoja nikauchomeka kwenye kompyuta, upande wa pili nyuma ya deki, kwenye tundu lile lile ambalo baba alikuwa akichomeka waya wa televisheni. Nikaiambia kompyuta ipeleke sauti huko. Sauti ya Kasuku ikajaa sebule nzima. Mama akalia kidogo, akacheka, akamwambia amenenepa sauti.

Tangu hapo, kila Jumamosi saa kumi za alasiri alikaa kwenye kiti cha baba, amejifunga kitambaa kipya kichwani, akaongea na mwanawe. Mimi nilikaa nyuma na kompyuta mapajani. Nilijiona mwema, dada. Ilinichukua miezi mitano kuanza kuogopa.

Jumamosi moja, tulipomaliza, mama aliniuliza kwa utulivu tu kwa nini siku hizi mdogo wangu hapumui. Nilisimama kama niliyekamatwa. Ni kweli, dada. Mkono umezoea: nilikuwa nimezikata pumzi zake zote bila hata kufikiri, kama ninavyozikata za wateja. Nikamwambia mama ni mtandao.

Jumamosi iliyofuata alipumua. Nilisikia mwenyewe, pumzi ndefu yenye mkwaruzo, kabla ya salamu, kutoka kwenye spika ya nyuma iliyo karibu na mlango wa chumba chake. Mama akatikisa kichwa kwa kuridhika. Baadaye nilivaa vifaa vya masikioni nikaisikiliza ile faili kwenye kompyuta kutoka mwanzo hadi mwisho. Haikuwa na pumzi hata moja.

Wiki iliyofuata Kasuku akamwuliza mama habari za majirani, swali ambalo nilikuwa nimelitumia mara kadhaa. Mama akaanza kisa cha gauni na pindo, na wewe unajua visa vya mama havina breki. Alizungumza dakika tatu nzima. Nilibana meno nikisubiri Kasuku amkatize, kwa sababu nafasi niliyoiacha ilikuwa ya sekunde nne. Hakumkatiza. Alingoja mpaka mama akamaliza, ndipo akacheka, kicheko chake kile cha kupitia puani. Nikatazama kompyuta. Faili ilikuwa imekwisha zamani.

Nilimwita Bwana Waya, yule fundi wa redio aliyekuwa rafiki wa baba, nikamwambia deki inaleta kelele. Hakuifungua hata kidogo. Aliinama nyuma yake, akautazama waya wangu, akaniuliza ni nani aliyenifundisha kuunga namna ile. Akanionyesha kwamba tundu lile ni la kutolea, la kupeleka picha na sauti kwenye televisheni, na kwamba deki hiyo haina tundu la kupokelea kitu chochote kutoka kwenye kompyuta. Nikamwambia imekuwa ikipokea miezi mitano. Akacheka, akaniambia niijaribu mbele yake. Nikacheza wimbo, nikacheza sauti ya lifti, nikacheza hata salamu za Kasuku. Spika zote tano zilikaa kimya. Alipoondoka aliniambia, kwa upole, kwamba mtu akimwuguza mzazi peke yake huchoka sana.

Jumamosi iliyopita sikutengeneza chochote. Niliuchomoa ule waya, nikauviringisha, nikauweka kabatini. Nilikuwa nimeamua kumwambia mama ukweli nusu, kwamba mtandao umekufa kabisa. Saa kumi akaja na kitambaa chake, akaketi. Kabla sijafungua mdomo, ile spika ya nyuma ikavuta pumzi.

Hapa ndipo penye jibu nililokudanganya, dada. Wiki tatu kabla hajafa, Kasuku alinitumia ujumbe wa sauti kwenye simu. Alisema kifua kinambana, anapanda ngazi za ghala akipumzika kila hatua ya tatu, anataka kurudi nyumbani, nimwambie mama na nikuambie wewe. Mama alikuwa anasubiri kupasuliwa. Nilimjibu avumilie kidogo, asimtie mama presha, na asikusumbue wewe na zamu zako. Hakunijibu tena. Ujumbe ule niliufuta siku uliponipigia simu ya msiba. Sijawahi kuuingiza kwenye kompyuta.

Ndio uliotoka kwenye deki, neno kwa neno, na pumzi zake zote kati ya maneno. Mama aliusikiliza wote. Mwisho alimwambia Kasuku amemsikia, apumzike sasa. Kisha akanigeukia, akaniuliza nilimjibu nini.

Nikamwambia. Nilimwambia hayo, na msiba, na kaburi, nikiwa nimepiga magoti kwenye zulia la baba. Moyo wake, ule tuliouogopea miezi yote hiyo, ulistahimili. Alifungua kitambaa chake kichwani, akakikunja mapajani. Sijui kama atanisamehe, hajasema, ila chakula ananipakulia. Aliniagiza jambo moja tu, nikuandikie kama nilivyomwambia yeye na nisikate kitu.

Sikuombi unisamehe kwa barua. Ulilala miezi yote ukijiuliza kwa nini hakukwambia, wewe muuguzi, uliyekuwa mji wa pili tu kutoka kwake. Alitaka kukwambia. Mimi ndiye niliyemzuia.

Mama anakusalimu sana, anawabusu wajukuu. Anaomba uje, likizo au hakuna, umweleze jinsi ulivyomzika na nguo uliyomvika.

Barua hii nimemsomea alasiri ya leo, naye amekaa kwenye kiti cha baba. Nilipomaliza alisema nimeisoma mbiombio, nirudie taratibu, mdogo wangu naye anataka kusikia. Waya bado uko kabatini, na deki tumeichomoa hata kwenye umeme. Nimerudia, dada, toka mwanzo, taratibu.

Ni mimi mdogo wako,
uliyenifundisha kusoma.