Salfa Haikufika Juu

Mpendwa shemeji, Baba Somoe,

Nina miaka themanini na moja. Nimewazika kaka zangu wote, nimevuka njaa, nimesikia mabomu ya ng'ambo ya Ruvuma na sikukimbia, na redio nne zimefia mikononi mwangu. Tatu. Ya nne ndiyo inayonifanya nikuandikie. Shikamoo yako nimeshaipokea, marahaba. Mwandiko ni wangu mwenyewe. Kwenye kisomo cha ngumbaru hapa Makote nilikuwa wa kwanza, na niliowashinda wamekufa wote, kwa hiyo hakuna wa kubisha. Naitoa barua hii isomwe wazi, maana hata kukutangaza mkosaji nilikutangaza wazi, tena sokoni Newala.

Unaikumbuka siku ile ya kupulizia mikorosho? Ulipanda kutoka Lisekese, huko Masasi, kwa baiskeli kuja kunisaidia, maana mgongo wangu ulikuwa umegoma, ingawa nguvu nilikuwa nazo. Ukavaa mashine mgongoni, unga wa dawa ya salfa ukaruka, ukawa na kope za njano kama kifaranga. Redio yangu nilikuwa nimeitundika tawini, waya umepanda hadi kileleni, nasikiliza habari za mbali. Mara ikaanza kuchemka shhh, kama mafuta ya maandazi.

"Umeiua!" nikakwambia.

"Shemeji, mimi niko mkorosho wa sita huku, nitaiuaje?"

"Salfa yako imepanda juu, imeziba njia ya sauti."

"Basi na jogoo wako angenyamaza."

Ukacheka. Nami mtu akinicheka shambani kwangu, sisikii tena. Nikatia betri mpya, bado shhh. Nikakubebesha: "Umeiua, kaizike kwenu." Ukaifunga kwenye keria ukashuka. Hukubisha! Hilo linaniudhi mpaka leo. Mtu anasingiziwa kuua, anabeba maiti na kuondoka zake!

Siku ya tatu ukatuma salamu kwa mchuuzi wa samaki: redio inaongea, hujagusa hata skrubu, nije niichukue. Nikajibu kwamba umeipeleka kwa fundi kwa siri ili nionekane mjinga. Basi, wewe kwako, mimi kwangu. Somoe wako akaolewa, sikuja. Rashidi wangu akaoa, hukuja.

Na dada yako huyu niliyemwoa! Kila msimu wa kupulizia anatenga maji ya kunawa ya watu watatu. Newala hii, ambako maji tunayalilia! Nikimuuliza wa tatu ni nani, ananijibu, "Unamjua." Siku hizi goti limemkataa, safari ya Lisekese haiwezi tena, na bado anatenga.

Sasa mwezi uliopita redio yangu mpya ikachemka vilevile. Nikatoka nje kumtafuta anayepulizia salfa. Hakuna mtu, msimu wenyewe haujafika. Zuhura, mjukuu wangu anayefundisha sayansi sekondari, alikuwa amekuja kutusalimia. Akanionyesha kwenye simu mbingu za nchi za baridi, kijani na nyekundu, kama kanga zilizoanikwa.

"Sisi zinatuhusu nini?" nikamuuliza.

Akaniambia jua hurusha upepo wenye chembe za umeme. Dunia inazielekeza kwenye ncha zake, huko zinagonga hewa nyembamba ya juu kabisa, hewa inawaka rangi. Lakini haiishii kwenye rangi. Hewa ile inapata joto, inavimba, inapanda hadi kuzipunguzia satelaiti mwendo. Na redio za mbali, kumbe, haziji moja kwa moja. Sauti inarushwa juu, inagonga tabaka la hewa yenye umeme, inarudi chini kama mpira. Tabaka likivurugika, mpira haurudi, hata huku kwetu tusikoziona hizo rangi.

"Juu kiasi gani?"

"Babu, chukua barabara ya Newala mpaka Masasi, kwenda na kurudi, uisimamishe wima."

Sikuigusa redio. Kesho yake jioni ikaongea yenyewe.

Nimekaa na hasira siku nne. Nikaligombeza jua. Zuhura akasema, "Babu, jua halipokei malalamiko. Mwandikie Babu wa Lisekese."

Haya. Hukuiua. Nimeandika mara moja, sirudii. Salfa yako ilifika kilele cha mkorosho, basi. Na barabara ile ile, nusu yake tu, ikiwa imelala chini bila kusimamishwa na mtu, imenishinda miaka yote hii, mimi niliyewashinda wote.

Redio kaa nayo. Njoo wewe. Na usije kimya kimya, njoo ubishe, nimechoka kushinda peke yangu. Maji yako yametengwa, na dada yako hataki yamwagwe.

Mwenye shaka na habari za jua amuulize Zuhura. Za maji, amuulize dada yako. Kwamba hukuwa na kosa, shahidi unaye wewe hapo nyumbani: iwashe.

Mume wa dada yako,
Baba Rashidi